Askofu Kataliko na pesa za wachuruzi wa Butembo



Ukurasa huu huwa tunauweka kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja wa kwetu. Safari hii tumemchukua mtu ambaye hakuwa na duka, hakuishi kwa kuuza kahawa, hakuwa tajiri wa magari, na bado wazee wa soko la Butembo wakianza kueleza namna mji wao ulivyosimama, jina lake linakuja mapema. Ni Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kwa karibu miaka 31, aliyekufa mwaka wa 2000. Vijana wetu wengi walizaliwa nyuma ya kifo chake. Wanalijua jina tu, pengine na picha ya ukutani.

Tunamwandika sasa juu ya mabishano yetu wenyewe. Karibu kila mkutano wa likelemba yetu mtu anasimama na kuuliza: kwa nini tuweke pesa katika kitu cha wote, ghala ao daraja ao mashine ya kusaga, wakati kesho tunaweza kukimbia tena? Wenye walirudi Mbau, Oicha na Eringeti wanajua uzito wa swali hilo. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika wilaya ya Beni hayajakoma, na kuna familia kati yetu zilizofunga mizigo mara tatu, mara nne. Kwa hiyo wanasema kila mtu achukue fungu lake, anunue mbuzi ao mabati, akae nayo. Mbuzi anaweza kutembea, ghala haliwezi. Si neno la kijinga, na wafadhili wanaoshangaa kwa nini mpango mzuri wa karatasini unakwama kwenye kikao wangepaswa kulisikia kwa makini.

Kataliko alilikuta swali hilohilo.

Alizaliwa mwaka wa 1932 katika vilima vya Bayira, wale ambao wengi wanawaita Wanande. Nchi ilikuwa ya Wabeljiki. Misioni na shule za upande huu zilikuwa mikononi mwa mapadiri wa Asumpsio, waliofika mwaka wa 1929, na kijana mwenye akili wa wakati ule alikuwa na njia chache za kufika mbali: ukarani, ualimu, ao seminari. Yeye akaishika ya tatu. Alipelekwa kusoma Roma, akawa padiri mbele ya uhuru. Kwa hiyo uhuru wa 1960 ulimkuta mtu mzima, mwenye kuona nchi mbili: ile aliyokulia, yenye mashamba ya migongo ya vilima, na ile ya Ulaya iliyokuwa inajijenga upya baada ya vita vikubwa.

Halafu ikaja 1964. Waasi wa Simba walifika Beni na Butembo. Wazee wetu bado wanahesabu umri wa watoto kwa mwaka ule: huyu alizaliwa mbele ya Simba, huyu nyuma ya Simba. Watu walikimbilia porini, wakarudi, wakakuta nyumba tupu. Tunaomba msomaji aweke hilo akilini, kwa sababu watu ambao Kataliko alipewa kuwaongoza miaka miwili baadaye walikuwa, wengi wao, watu waliorudi. Kama sisi.

Mwaka wa 1966, akiwa na miaka 34, akafanywa askofu wa Beni mahali pa mmisionari Henri Piérard. Mwaka uliofuata jimbo likaitwa Butembo-Beni, jina lenye kutambua kwamba uzito wa eneo ulikuwa unahamia Butembo.

Butembo ya wakati ule haikuwa mji tunaoujua. Ilikuwa imekua kando ya kazi za kampuni ya madini iliyoitwa MGL, na kampuni za madini, kila mtu anajua, zinapunguza watu siku yoyote. Kilichobaki mikononi mwa wenyeji kilikuwa udongo wa baridi na mvua. Huku juu, kwenye mita kama 1,700 na zaidi, kunaota vitu ambavyo nchi ya joto haiwezi kuotesha vizuri: viazi, vitunguu, kabichi, na maharagwe mazuri. Kisangani walihitaji vyakula hivyo. Basi watu wakaanza kununua mboga kijijini, kuzipakia, na kuzishusha kupitia Beni na Mambasa, katikati ya msitu mkubwa, mpaka mto Kongo. Gari la kwanza likazaa la pili. Waliporudi walileta chumvi, vitambaa, sabuni. Hivyo ndivyo uchuruzi mkubwa wa Butembo ulivyoanza, kwa kabichi na vitunguu. Dhahabu na kontena zilikuja baadaye.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yachukuliwe na wenyeji. Katika miji mingi duka lilipewa mtu mwenye ndugu katika chama, akauza vilivyokuwemo, akashindwa kuagiza vingine, rafu zikabaki tupu. Wachuruzi wa Butembo, kwa sehemu kubwa, walikuwa wamejenga kazi yao kwa jasho lao wenyewe, bila kusubiri zawadi ya Leta. Kwa hiyo kuanguka kwa wengine hakukuwaangusha kiasi kile. Walizoea kupeana mali kwa neno la mdomo, bila benki, ndugu kwa ndugu na mkristo kwa mkristo, na aliyevunja neno hakupata tena mtu wa kumkopesha, hata mjombake.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho uaminifu wa watu wawili hauwezi kununua. Ni njia.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa kama 54. Leo ukisikia 54 unafikiri safari ya asubuhi. Wakati wa mvua, katika miaka ile, gari lilizama mpaka ekseli, lingine likaja nyuma yake likazama, na vijana wakalala chini ya mizigo siku baada ya siku huku vitunguu vikianza kuota ndani ya magunia. Leta ilikuwa na Office des Routes, iliyoundwa mwaka wa 1971. Ofisi ilikuwepo, mihuri ilikuwepo, mashine nyingi zilikuwa zimekufa. Na njia za ndani, zile za kwenda vijijini kuchukua mboga, zilikuwa mbaya kupita hiyo.

Kila mchuruzi alijua hasara yake kwa hesabu. Kwa nini basi hawakuitengeneza wenyewe? Hapa ndipo mambo yanafanana na kikao chetu. Nikitengeneza mimi, wewe utapita bure. Nikikupa pesa uzishike, nitajuaje kama hukununua nazo gari la kunishinda Kisangani? Walikuwa wapinzani, waliuza vitu vilevile katika soko lilelile. Mpinzani hawezi kuwa mshika kasa. Si kwamba walikuwa watu wabaya.

Mtu pekee mwenye sauti mjini ambaye hakuwa na mzigo ndani ya gari lolote alikuwa askofu.

Tunaamini hiyo ndiyo siri yote, ao karibu yote. Watu wanapenda kumsifu Kataliko kwa nguvu zake, kwa maono yake, kwa mahubiri ya kazi na ya kuweka akiba. Yote ni kweli. Lakini wahubiri wa kazi na akiba hatujawahi kukosa Kivu. Kilichokuwa kigumu kupata ni mtu ambaye matajiri wanaoshindana wangemwachia pesa zao pamoja na kulala usingizi. Hakuwa na duka la kulitajirisha wala mtoto wa kurithi. Na alikuwa hajapangiwa kuondoka. Mkubwa wa Leta wa wakati wa Mobutu alikaa mwaka mmoja ao miwili akahamishwa. Ilikuwa siasa ya Mobutu kuwahamisha wakubwa mbali na kwao ili wasiote mizizi. Askofu alibaki. Mwaka wa kumi alikuwepo, mwaka wa ishirini alikuwepo. Mtu aliyetoa saruji mwaka huu alijua atamkuta mwaka kesho wa kumuuliza imekwenda wapi.

Basi akaita. Namna ilikuwa rahisi na kila mzee ataieleza: mwenye gari atoe gari, mwenye mafuta atoe mafuta, mwenye pesa atoe pesa, wanakijiji watoe mikono, parokia itoe mtu wa kuandika. Mobutu naye alikuwa na salongo yake, kazi ya lazima ya kila juma, na watu waliichukia kwa sababu matunda yake hayakuonekana ao yalionekana katika shamba la mkubwa. Kazi ya askofu ilichukua umbo lilelile, majembe yaleyale, na watu wakaja. Walikuwa wanatengeneza njia ambayo magunia yao yangepita juu yake msimu uleule.

Jambo lingine ambalo wafadhili wetu wa mbali pengine hawalijui: wengi wa wachuruzi wakubwa wa Butembo hawakuwa Wakatoliki. Walikuwa Wabaptisti, watoto wa misioni ya Katwa, na katika miaka ile Mkatoliki na Mprotestanti hawakuwa wanakunywa chai pamoja kirahisi. Hakuna mahali popote pameandikwa kwamba Mbaptisti lazima amtii askofu. Hakuweza kuwaamuru, ilimpasa kuwashawishi, na kuonyesha daftari. Sisi tunadhani hilo lilimsaidia. Kiongozi ambaye nusu ya watu wake wanaweza kumgeuzia mgongo bila dhambi yoyote analazimika kuwa msafi na wazi. Tukitazama vyama vingi vya kwetu, pamoja na vile vya misaada, shida huanza pale mwenyekiti anapopata njia ya kuwalazimisha wanachama badala ya kuwaeleza.

Kando ya njia, jimbo lilikuwa na ofisi yake ya maendeleo na ofisi yake ya kazi za afya. Vituo vya afya, hospitali, shule, maji, mbegu. Hayo majimbo mengine ya Kongo pia yaliyafanya, na hatutakaa nayo. Jimbo la Butembo-Beni liliyafanya kwa wingi, na kwa sehemu kubwa pesa za mahali zilichanganywa na zile za Ulaya, kitu ambacho si cha kawaida. Mfadhili aliyekuta wenyeji wamekwisha kutoa mawe na mchanga alikuwa na haya ya kutoa kidogo.

Sasa lazima tuseme na upande mwingine, maana hatuandiki maisha ya mtakatifu. Biashara iliyolipa mafuta ya njia zile haikuwa yote ya wazi. Mwanzo wa miaka ya 1980 Leta ilifungua uchuuzi wa dhahabu kwa raia, na kahawa ya arabika ya milima yetu ilipata bei nzuri upande wa pili wa mpaka. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kilometa kama 80, na mbele yake ni Uganda, Kasese, Kampala, mpaka Mombasa. Kahawa na dhahabu vilipita huko, na sehemu kubwa haikusimama dukani kwa mtu wa forodha ila kwa kumpa chake mfukoni. Wasomi waliokuja kutusoma wameandika vitabu juu ya hilo. Askofu alijua, kama kila mtu Butembo alivyojua. Na alipokea mchango.

Mtu wa Kinshasa ataona hapo unafiki. Sisi wa huku tunaona kwanza kwamba Leta iliyokuwa inadai ushuru ndiyo ileile ambayo mashine zake za njia zilikuwa zimekufa, na kwamba pesa iliyolipwa Kasindi haikurudi hata kwa umbo la jiwe moja. Hata hivyo jambo halikuisha bila madhara. Pesa zilizoenda kwenye kazi ya wote kwa hiari ya tajiri zinaweza kurudishwa nyumbani kwa hiari yake vilevile. Mama mwenye kubeba ndizi mgongoni hakuwa na kiti kwenye meza ile. Njia ilimfaa, ndiyo, bei ya ndizi zake ilipanda gari lilipofika karibu. Lakini nani alichagua njia gani ianze? Yule mwenye gari. Tunaisema hii kwa sababu katika chama chetu akina mama ndio wengi, na ndio wanaolipa bila kuchelewa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuja mwaka wa 1989. Ili kuielewa, kumbuka kwamba mwaka wa 1971 Mobutu alikusanya vyuo vikuu vyote vya nchi, hata vile vya makanisa, chini ya mkono mmoja wa Leta ulioitwa UNAZA. Kijana wa Butembo ao Beni aliyemaliza shule alipaswa kwenda Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa. Wenye ndugu huko walienda. Wengine walirudi shambani ao walipanda gari la baba. Na waliokwenda, wengi hawakurudi. Mchuruzi alimtuma mtoto akasome uchumi na Kinshasa ikambakiza. Mwisho wa miaka ya 1980, Leta ikiwa imechoka, mlango ukaanza kufunguliwa kwa vyuo visivyo vyake. Kataliko akaingia mapema. Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben kilianza Butembo mwaka huo wa 1989, katika mji usiokuwa na umeme wa SNEL, wenye njia ya udongo kila upande, mbali na mji mkuu kuliko Nairobi.

Ingeonekana wazimu. Ukiwa na njia za kutengeneza, hospitali za kulisha, kwa nini uanze chuo kikuu? Tazama lakini masomo yaliyochaguliwa huko: kilimo, udaktari wa wanyama, uganga, sheria, uchumi. Ni mambo ya vilima vile na soko lile. Mtu wa ng'ombe, mtu wa kahawa, mtu wa hospitali, mtu wa kesi za mashamba (na Mungu anajua kesi za mashamba hazitatuisha). Hata jina, Graben, ni jina ambalo wataalamu wa ardhi wanaliita lile bonde kubwa lililo chini yetu, la Semuliki na Ziwa Edward. Wazazi walilipa, wachuruzi walichangia, na miaka miwili baadaye, Septemba 1991, askari wa Mobutu waliokosa mshahara walipora Kinshasa na miji mingine. Wazazi waliokuwa wanasema chuo cha Butembo ni cha kijijini wakanyamaza kwa muda.

Chuo hicho kimepita vita vyote vilivyofuata, na hakikupita bila jeraha. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa upande wetu. Mpaka ilipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilihesabiwa watu 3,470 walioshikwa na 2,287 waliokufa, na Beni, Mabalako, Katwa na Butembo ndizo zilizobeba mzigo mkubwa. Pesa nyingi zilishuka ghafla, magari mapya, vijana wa kutoka mbali wenye mishahara, na watu ambao kwa miaka minne walikuwa wamezika waliochinjwa bila kuona gari hata moja wakaanza kuuliza ugonjwa huu ni wa nani. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo cha Graben, mjini Butembo, wakamuua daktari Richard Mouzoko, Mkamerun aliyekuwa ametumwa na Shirika la Afya Duniani. Katika jengo lile. Sisi hatujui namna nyepesi ya kuandika hilo katika maisha ya Kataliko, lakini kuliacha kungekuwa kudanganya. Kitu cha wote, watu wakianza kukiona ni cha wengine, hakina ukuta wa kukilinda.

Turudi nyuma kidogo. Vita vya 1996 vilianza Kivu, na tarehe 29 Oktoba mwaka ule askofu mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliuawa mjini mwake. Kiti chake kikabaki wazi kwa miezi. Tarehe 3 Machi 1997 kikapewa Kataliko. Alikuwa na miaka kama 65, umri ambao mtu wa kwetu anatengeneza baraza ya nyumba na kusubiri wajukuu. Kila alichojenga kilikuwa Butembo. Akaenda.

Wachuruzi waliendelea bila yeye, na hiyo ni sifa kwake. Kupitia FEC, chama cha wenye biashara, walishika utunzaji wa njia kwa vizuizi vya kulipia, wakajenga uwanja wa ndege wa Rughenda, wakawalipa mbele ya wakati ushuru watawala wa vita ili wapate neno katika matumizi yake. Mzigo ulitoka sasa Dubai na China, kontena kwa kontena, mara nyingi watu wakijiunga kuagiza pamoja. Lakini waliojiunga kwenye meza ya juu walikuwa wachache, na mshika kasa safari hii alikuwa na mzigo ndani ya gari. Kila mmoja wetu aliyejaribu kuanza biashara ndogo ya kuagiza Butembo anajua ukuta ule uko wapi. Hatusemi wasingejenga, walijenga, Leta haikujenga. Tunasema tofauti ilionekana.

Bukavu aliyoikuta Kataliko ilikuwa mji wa watu wenye hofu. Kuanzia Agosti 1998 ulishikwa na RCD, pamoja na jeshi la Rwanda. Kwenye Noeli ya 1999 aliwaandikia waamini barua juu ya nchi inayonyonywa na wageni wenye nguvu wakisaidiwa na Wakongomani wenyewe, na juu ya kukataa kuinama. Hakutaja kitu ambacho mtu wa soko la Kadutu hakukijua. Ila alikisema madhabahuni, na jina lake likiwa chini ya karatasi.

Tarehe 12 Februari 2000 wakubwa wa RCD wakamfukuza Bukavu. Na wakampeleka wapi? Butembo. Walimrudisha nyumbani kama adhabu. Upande wa Butembo ulikuwa wakati ule chini ya kundi lingine la waasi, na Uganda nyuma yake, kwa hiyo ilikuwa kama kumtupa ng'ambo ya mpaka. Huko alikuta njia zake, chuo chake, watu waliomjua kwa zaidi ya miaka 30. Angeweza kukaa. Hakuna ambaye angemlaumu; hospitali nzuri, hali ya hewa nzuri, marafiki, na umri ulikuwa umefika.

Bukavu ilifunga shule na maduka, makanisa yakanyamaza kengele, watu wakaandamana na wakaandika barua mpaka Ulaya. Yeye kwa miezi saba aliishi hali tunayoijua sisi wenye kadi za wakimbizi wa ndani: kuwa mahali pazuri ambapo sipo unapopaswa kuwa, na kuulizwa kila siku utarudi lini. Ruhusa ilipotoka, alirudi. Ilikuwa tarehe 14 Septemba 2000. Mji ulitoka wote barabarani kumpokea.

Siku chache baadaye alisafiri kwenda Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika. Alikufa huko tarehe 4 Oktoba 2000, kwa moyo, siku 20 tu tangu aingie Bukavu. Maneno mengi yalisemwa wakati ule na bado yanasemwa. Sisi hatuna cha kuongeza juu yake.

Mwili ulirudishwa, na ulizikwa Bukavu. Wanachama wetu wa Butembo wanaotaka kutembelea kaburi lake wanapaswa kufanya safari ya Goma na kuvuka ziwa, kama vita vinaruhusu.